Gharama ya mafuta ambayo haiandikwi kwenye kituo cha petroli

Na DAKTARI WETU

KILA ifikapo tarehe 14 ya mwezi, Wakenya wengi hutega masikio. Siku hiyo Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli, EPRA, hutangaza bei mpya za petroli, dizeli na mafuta taa. Tangu utaratibu wa kuweka kikomo cha bei uanze Desemba 2010, tangazo hilo limekuwa kama utabiri wa hali ya hewa. Mwenye matatu hupiga hesabu ya nauli, mwenye mashine ya kusaga hufikiria bei ya unga, naye mama wa nyumbani hujiuliza iwapo jioni atawasha stovu au jiko la makaa.

Wasomaji wengi wanakumbuka Septemba 2023, bei ya lita ya petroli jijini Nairobi ilipovuka shilingi 200 kwa mara ya kwanza. Manung'uniko yalisikika kila pembe ya nchi, na haikuwa ajabu. Hata hivyo, sisi madaktari huiona sehemu nyingine ya gharama hiyo, ambayo haiandikwi kwenye ubao wa kituo cha petroli. Hulipwa zahanati, hospitalini, na wakati mwingine makaburini. Leo tutaizungumzia gharama hiyo: nani anailipa, inaingiaje mwilini, na msomaji afanye nini ili kuipunguza.

MAFUTA YETU YATOKA WAPI?

Petroli, dizeli, mafuta taa na gesi ya kupikia, pamoja na makaa ya mawe, ni mabaki ya mimea na viumbe vilivyofukiwa ardhini mamilioni ya miaka iliyopita. Tukiyachoma, hutupatia nguvu nyingi kwa muda mfupi. Lakini hakuna kinachoungua kikaisha kabisa. Kinachobaki huwa ni moshi, gesi na masizi, navyo sharti viende mahali.

Kenya haina kisima kinachotosheleza mahitaji yake. Mafuta yaligunduliwa Turkana mwaka 2012, lakini yale tunayotumia bado yanatoka ng'ambo. Kiwanda cha Changamwe, Mombasa, kiliacha kusafisha mafuta ghafi mwaka 2013, na tangu hapo tunanunua mafuta yaliyokwisha kusafishwa. Meli hushusha shehena Mombasa, kisha mafuta husafiri kwa bomba na kwa malori hadi Nairobi, Nakuru, Eldoret na Kisumu, na mengine huvuka mpaka kwenda Uganda, Rwanda, Sudan Kusini na mashariki mwa Kongo. Kwa hiyo vita vikizuka mbali au shilingi ikidhoofika mbele ya dola, mkazi wa Kayole huhisi mfukoni mwake. Na kwa kuwa malori hayo nayo hutumia dizeli, wakazi wa miji iliyo kando ya barabara kuu kutoka Mariakani hadi Malaba huvuta moshi wa mizigo ya nchi nyingine usiku na mchana.

MOSHI UNAPOINGIA MWILINI

Msomaji aliyewahi kusimama nyuma ya lori likipanda mlima anaujua moshi mweusi wa dizeli. Aghalabu watu hufunika pua kwa leso wakadhani wamejikinga. Ukweli ni kwamba ile masizi tunayoiona si hatari kama ile tusiyoiona.

Ndani ya moshi huo mna chembechembe ndogo mno. Ukichukua unywele wa kichwa, upana wake unazidi ule wa chembe hizo mara 30 hivi. Pua na koo vina vinyweleo na ute wa kunasa vumbi la kawaida, lakini chembe hizi hupenya zote hizo. Hufika kwenye vifuko vya mwisho vya mapafu, mahali ambapo hewa na damu hukutana, na nyingine huvuka na kuingia katika damu yenyewe.

Zikishafika huko huleta uvimbe ndani ya mishipa. Hii ndiyo sababu moshi wa magari hauleti kikohozi na pumu tu, kama wengi wanavyodhani. Huchangia pia mshtuko wa moyo na kiharusi. Mwaka 2012 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, WHO, liliuweka moshi wa dizeli katika kundi la vitu ambavyo imethibitika vinasababisha saratani kwa binadamu. Tumbaku imo katika kundi hilo hilo. Kwa mujibu wa WHO, hewa chafu ya nje ilichangia vifo vya mapema vya watu milioni 4.2 duniani mwaka 2019.

Kuna pia gesi ya kaboni monoksidi, ambayo haina rangi wala harufu. Gesi hii hushikana na damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200. Mtu aliyeivuta kwa kiasi kidogo huumwa na kichwa na kusikia uchovu. Akiivuta kwa wingi ndani ya chumba kilichofungwa, hulala asiamke.

NANI ANAUMIA ZAIDI?

Moshi hauchagui, lakini wanaouvuta hawauvuti sawasawa. Mwenye gari lenye madirisha yaliyofungwa hupita Barabara ya Jogoo kwa nusu saa. Mwanamke anayeuza mboga kando ya barabara hiyo hiyo hukaa hapo saa kumi na mbili, mara nyingi na mtoto mgongoni.

Katika zahanati mtaani huwapokea makanga, wachuuzi, askari wa trafiki, mafundi wa gereji na waendesha bodaboda. Wengi hawaji wakisema wamedhuriwa na moshi. Huja wakilalamika kwamba kikohozi hakiishi, kifua kinabana alfajiri, macho yanawasha, au kichwa kinauma kila jioni na kutulia siku ya mapumziko. Dalili hiyo ya mwisho ni muhimu. Ugonjwa unaopungua ukiwa mbali na kazi na kurudi ukirudi kazini, mara nyingi chanzo chake kimo kazini.

Watoto wamo katika hatari zaidi. Mtoto hupumua haraka kuliko mtu mzima, na ukilinganisha na uzito wake, huvuta hewa nyingi zaidi. Isitoshe, kimo chake kinamweka karibu na bomba la moshi la gari. Mapafu yake bado yanakua, na yakidhuriwa sasa huenda yasifikie nguvu zake kamili atakapokuwa mtu mzima. Mama mjamzito naye huvutia wawili, na moshi mwingi huweza kumfanya mtoto azaliwe na uzito mdogo.

MAFUTA TAA NYUMBANI

Tusidhani kwamba hatari iko barabarani tu. Katika mitaa mingi ya mabanda mafuta taa bado yanatumika kupikia na kuwashia taa. Wengi huyaona masafi kwa kuwa hayatoi moshi mwingi kama kuni. Sivyo. Wanasayansi waliopima koroboi za kawaida waligundua kwamba asilimia 7 hadi 9 ya mafuta yanayoungua hugeuka kuwa masizi meusi. Mwanafunzi anayesoma karibu na koroboi kisha akapenga kamasi nyeusi asubuhi ni shahidi wa jambo hilo. Mwaka 2014 WHO ilishauri kwamba matumizi ya mafuta taa majumbani yasihimizwe.

Hatari ya pili ni sumu. Mafuta taa hununuliwa kwa kipimo kidogo na kuwekwa katika chupa ya soda au ya maji. Mtoto mwenye kiu hudhani ni maji, akanywa. Msomaji, zingatia haya: mtoto akinywa mafuta taa USIMTAPISHE. Usimpe maziwa, wala mafuta ya kula, wala maji ya chumvi. Madhara makubwa hayako tumboni bali hutokea mafuta yanapoingia mapafuni, na kutapika huyapeleka huko. Mvue nguo zilizolowa, mwoshe ngozi, kisha mkimbize hospitalini hata kama anaonekana mzima, kwa maana shida ya kupumua huweza kujitokeza saa kadhaa baadaye.

Hatari ya tatu ni moto, hasa stovu inapoongezwa mafuta ikiwa ingali inawaka, au mafuta taa yakiwa yamechanganywa na petroli. Mtu akiungua, mwagia sehemu hiyo maji safi ya baridi yanayotiririka kwa muda wa dakika 20. Usipake dawa ya meno, yai wala siagi. Mwende kwa daktari.

KODI ILIYORUDISHA MAKAA JIKONI

Hapa ndipo afya na uchumi vinapokutana. Kwa miaka mingi mafuta taa yalikuwa na kodi ndogo ili mnyonge ayamudu. Wafanyabiashara walaghai wakaona njia ya kujitajirisha: wakachanganya mafuta taa na dizeli na kuwauzia wenye magari. Injini zikaharibika, na moshi ukazidi. Ili kuzima biashara hiyo, mwaka 2018 serikali iliweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta taa, bei yake ikakaribia ile ya dizeli.

Nia ilikuwa njema. Lakini familia iliyokuwa ikipikia mafuta taa haikupewa pesa za kununua mtungi wa gesi. Baadhi zilihamia gesi kwa kujikaza. Nyingine zilirudi kwenye makaa na kuni, ambazo moshi wake ni mbaya zaidi. Gesi nayo haikuachwa itulie. Kodi ya asilimia 16 ilirudishwa juu yake Julai 2021, ikapunguzwa hadi asilimia 8 mwaka uliofuata, kisha ikaondolewa mwaka 2023. Familia maskini haiwezi kubadilisha jiko kila serikali inapobadilisha kodi.

Hata hivyo, kuna maendeleo. Katika sensa ya mwaka 2009, nyumba zilizotegemea gesi kupikia zilikuwa kama asilimia 5 ya nyumba zote nchini. Katika sensa ya 2019 zilikaribia robo. Kikwazo kikubwa si bei ya gesi kwa siku, kwani mara nyingi gesi ni rahisi kuliko makaa ukihesabu kwa mwezi. Kikwazo ni kwamba makaa hununuliwa kwa mkebe ilhali gesi inataka pesa za mtungi mzima kwa mara moja. Anayelipwa kibarua kila jioni hawezi kuweka akiba hiyo kwa urahisi. Ndiyo sababu mipango ya kulipia gesi kidogo kidogo kwa simu, au vyama vya akina mama vya kununuliana mitungi kwa zamu, ina faida kwa afya kama ilivyo dawa.

Na tuhesabu vizuri. Mama anayeokoa shilingi chache kila siku kwa kupikia moshi huzitoa zote, pamoja na za jirani, siku mtoto anapolazwa kwa homa ya mapafu. Ataongezea nauli, siku za kazi alizopoteza, na deni la duka. Hizo hazimo katika bei iliyotangazwa tarehe 14.

MAFUTA YA BWERERE

Bei inapopanda, mafuta yaliyomwagika huonekana kama bahati. Tunajua mwisho wake. Januari 2009 huko Sachang'wan, karibu na Molo, watu walikusanyika kuchota mafuta kwenye lori lililoanguka, moto ukalipuka na zaidi ya watu 100 wakafa. Septemba 2011, katika kijiji cha Sinai, Nairobi, mafuta yalivuja kutoka kwa bomba na kuingia kwenye mtaro wa maji machafu. Moto uliotokea uliua watu wapatao 100 na kuacha wengi na makovu ya maisha.

Wengi husema walioungua walikuwa na tamaa. Mimi nasema walikuwa na shida, na pia hawakujua jambo moja: si petroli yenyewe inayowaka kwanza, bali mvuke wake. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa. Hutambaa chini, ukafuata mtaro na bonde, ukakutana na sigara au jiko mbali na pale ulipotoka. Aliye mbali na lori hana salama. Ukiona lori la mafuta limeanguka, kimbia kuelekea upepo unakotoka, na uwakataze watoto wasisogee.

UKAME NA MAFURIKO

Moshi wa mafuta haya una gesi ya kaboni dioksidi, ambayo haidhuru mapafu lakini hujikusanya angani na kuzuia joto la dunia lisitoke. Kenya imechangia sehemu ndogo mno ya gesi hiyo. Mataifa tajiri yaliyoanza kuchoma makaa ya mawe na mafuta zamani ndiyo yaliyochangia zaidi. Lakini hasara imetufikia.

Kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi mwanzoni mwa 2023, misimu mitano mfululizo ya mvua ilikosa katika Pembe ya Afrika. Wanasayansi wa hali ya hewa waliochunguza ukame huo walisema mwaka 2023 kwamba ongezeko la joto lililoletwa na binadamu liliufanya uwezekano wake uwe mkubwa angalau mara 100. Kisha, mwaka 2024, masika yalileta mafuriko yaliyoingia Mathare na mitaa mingine ya Nairobi. Kwa daktari, ukame ni watoto wenye utapiamlo, na mafuriko ni kipindupindu na malaria. Hata mkazi wa mjini asiye na ng'ombe hulipa anaponunua maziwa na sukuma wiki.

RISASI ILIVYOONDOKA

Je, tukate tamaa? La. Kuna jambo moja ambalo eneo letu lilifanya likafaulu, na vijana wengi hawalijui.

Kwa miongo mingi petroli iliyouzwa hapa ilitiwa madini ya risasi ili injini zisigonge. Madini hayo yalitoka na moshi, yakatua kwenye udongo, kwenye mahindi ya kuchoma kando ya barabara, na mikononi mwa watoto. Risasi hudhuru ubongo wa mtoto: hupunguza akili na uwezo wa kutulia darasani, na madhara hayo hayaponi. Kwa mujibu wa WHO, hakuna kiwango chake kinachojulikana kuwa salama.

Juni 2001 nchi za Afrika zilikutana Dakar, Senegal, zikaazimia kuiondoa. Kulikuwa na waliosema kwamba magari ya zamani yataharibika na bei zitapanda kupita kiasi. Lakini ilipofika Januari 2006, nchi za Afrika kusini mwa Sahara, Kenya ikiwamo, zilikuwa zimeacha kuuza petroli hiyo. Magari yaliendelea kutembea. Nchi ya mwisho duniani kuiacha ilikuwa Algeria mwaka 2021, na habari hiyo ilitangazwa na shirika la Umoja wa Mataifa la mazingira lenye makao yake Gigiri, hapa hapa Nairobi.

Vivyo hivyo, mwaka 2015 nchi za Afrika Mashariki zilianza kutumia kiwango kipya cha dizeli chenye salfa isiyozidi sehemu 50 katika kila milioni. Na mwaka 2019 mahakama ya mazingira ilifuta leseni ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe uliokusudiwa kujengwa Lamu, baada ya wakazi kulalamika kwamba hawakushirikishwa ipasavyo. Hawakuwa matajiri wala wakubwa. Walisimama kwenye Katiba ya 2010, ambayo katika kifungu cha 42 inampa kila mtu haki ya mazingira safi yenye afya.

MSOMAJI AFANYE NINI?

Kwanza, mwenye gari alihudumie. Moshi mweusi ni dizeli ambayo haikuungua sawasawa, nawe umeilipia. Badilisha kichujio cha hewa kwa wakati, na nozeli zikaguliwe. Zima injini unaposubiri abiria stendini.

Pili, usiwashe gari, jenereta wala jiko la makaa ndani ya chumba kilichofungwa, hata kwa dakika chache.

Tatu, ukiweza kuhamia gesi au umeme, fanya hivyo. Kweli, gesi nayo imetoka ardhini, lakini moshi wake ni kidogo sana ukilinganisha na makaa au mafuta taa. Umeme wetu kwa sehemu kubwa hutoka kwenye mvuke wa Olkaria, maji na upepo. Ukisikia harufu ya gesi, funga mtungi, fungua milango na madirisha, wala usiguse swichi yoyote ya taa.

Nne, anayetumia mafuta taa ayaweke katika chombo chake chenye kifuniko, mahali pa juu, kamwe si katika chupa ya kinywaji. Apikie karibu na dirisha lililo wazi, na watoto wachanga wakae mbali.

Tano, mwenye pumu asiache dawa yake ya kuvuta kwa sababu amepata nafuu. Kikohozi kinachozidi wiki mbili kipimwe, kwani huenda kikawa kifua kikuu. Ukimwona daktari, mweleze kazi unayofanya na unachopikia. Asipokuuliza, mwambie.

Mwisho, tuwaulize viongozi wetu maswali. Mabasi ya umeme yalianza kuonekana Nairobi mwaka 2022. Kwa nini ni machache? Moshi wa magari unapimwa wapi, na nani? Kodi ya gesi itaachwa ilipo, au itarudi tena katika bajeti ijayo? Wahenga walisema kinga ni bora kuliko tiba, na katika jambo hili kinga ni rahisi pia. Tangazo la bei litakapotoka mwezi ujao, msomaji asikilize kama kawaida, kisha aongezee hesabu yake ya dawa.